Pikipiki imetoka sevisi kwa dila, bolti ya oili utaikagua vipi? Njia tano tukizilinganisha

Pikipiki imetoka sevisi, oili mpya imewekwa, kitabu kimegongwa muhuri, na wewe unataka tu kuvuka daraja la Nyali hapa Mombasa uende zako kazini. Swali linalosumbua wengi ni hili, ile bolti ya chini ya kumwagia oili uiamini tu kwa sababu imefungwa na fundi wa dila, ama uikague, na ukiikagua ufanye vipi? Mimi nasema ikague. Mafundi wa dila wengi wanajua kazi vizuri sana, shida ni vile kazi yenyewe inavyokwenda, pikipiki ziko foleni, fundi ameianzisha bolti kwa vidole, mara anaitwa kaunta, akirudi anashika cheni na breki, na ile bolti imebaki vile vile. Ama anaogopa pikipiki isije ikarudi inavuja akalaumiwa, basi anaivuta kwa nguvu zake zote mpaka inagoma.

Na si jambo dogo hili. Hizi injini za cc 100 mpaka 150 tunazoendesha hapa pwani zinabeba oili kama lita moja tu, zingine zaidi kidogo zingine chini kidogo, na oili hiyo hiyo ndo inalainisha pistoni, gia na klachi. Nyingi hazina hata taa ya kukwambia oili imeisha. Bolti ikidondoka ukiwa barabara ya Malindi na spidi yako, haichukui muda injini iko kavu na inashika, na kabla haijashika oili ishamwagikia tairi ya nyuma manake bolti iko pale mbele yake. Tairi yenye oili kwenye kona na nyuma yako kuna matatu, hapo tunaongelea maisha ya mtu, sio injini tena.

Tunazipima kwa nini

Kwanza elewa makosa yenyewe, manake yako matatu na kila njia inanasa mengine na kuacha mengine. Kosa la kwanza linajulikana na kila mtu, bolti imelegea. La pili ndo linalonitia hofu zaidi, bolti imekazwa kupita kiasi. Bolti ni chuma na kasha la injini ni alumini, kwahivyo anayeumia ni alumini, meno ya ndani yanaanza kukatika, na leo haivuji hata tone, utakuja kujua sevisi ijayo bolti inazunguka tu haishiki, na kila mtu anamwangalia mwenzake nani kaiua. La tatu ni washa, ile ringi nyembamba ya shaba ama alumini chini ya kichwa cha bolti. Imeundwa ibanwe ijaze mianya, ikishatumika mara nyingi inakuwa bapa na ngumu, unakuta bolti imekazwa sawasawa lakini bado inatoa jasho.

Basi kila njia nimeiuliza mambo yale yale: inanasa kosa gani, inataka vifaa na ujuzi gani, inaeza kukuletea balaa gani jipya, warantii inakuwaje, na inamfaa nani.

1. Jicho, kidole na kadibodi

Hii ndo ya kila mtu. Weka pikipiki stendi kubwa mahali sawa, injini ikiwa imepoa, inama na tochi ya simu uiangalie bolti na pembeni yake, alafu pitisha kidole ama tishu nyeupe chini yake. Usiku lalisha kipande cha kadibodi chini ya injini, asubuhi kinakwambia.

Inanasa nini: uvujaji, basi. Bolti iliyolegea ikiwa ishaanza kutoa oili utaiona, na washa mbovu pia. Iliyofungwa kwa vidole na bado haijaanza kucheza itakupita, na iliyokazwa kupita kiasi huioni kabisa.

Ila kuna mtego mmoja unawapoteza wengi. Oili ikimwagwa wakati wa sevisi inatambaa chini ya injini, inaingia kwenye mapezi na kwenye viungo vya kasha, na inaeza kudondoka siku hiyo na hata kesho yake bila bolti kuwa na kosa lolote. Mtu anaona tone anakimbia na spana anaongeza kukaza, na hapo ndo anaanza kuua meno. Kwahivyo kabla hujahukumu safisha kwanza. Injini iwe baridi, kitambaa na sabuni ama mafuta ya taa kidogo, futa mpaka chini kukauke, endesha mwendo mfupi kama kutoka Kongowea mpaka Bamburi na kurudi, alafu angalia tena. Ikiwa kukavu, lile lilikuwa oili la sevisi. Ikiwa pamelowa tena kuanzia kwenye bolti kwenda nyuma, hapo una jambo. Upepo unasukuma oili nyuma, kwahivyo tafuta sehemu ya mbele kabisa na ya juu kabisa iliyolowa, uvujaji unaanzia hapo, na mara nyingine utakuta bolti haina hatia ni kifuniko cha filta. Na sie barabara zetu zina vumbi, vumbi likishika oili linaganda jeusi, ukiona hilo dongo jeusi limezunguka kichwa cha bolti ujue halijaanza jana.

Vifaa hakuna, ujuzi mdogo, balaa jipya hakuna manake hujagusa kitu. Warantii haiguswi. Inamfaa kila mtu kama mwanzo, lakini kama ndo njia yako pekee jua inakupa habari baada ya oili kuanza kutoka.

2. Kusimama pale fundi anapofunga

Hapa hukagui baada, unashuhudia. Unamwomba fundi kwa heshima ukae karibu wakati wa kumwaga oili, na wakati wa kurudisha bolti unauliza maneno mawili matatu: "Fundi, washa hii ni mpya?" "Bosi, hii yangu inakazwa ngapi?" "Naomba ukimaliza uipige alama ya rangi." Fundi anayejiamini hakasiriki kwa hayo, wengi hata wanafurahi kuona mwenye chombo anajali.

Alama ya rangi naitaka sana. Ni mstari mmoja mwembamba wa maka ama rangi ya kucha, unaanzia kichwa cha bolti unavuka mpaka kwenye kasha. Bolti ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, na unaliona hilo kwa sekunde mbili ukiwa umesimama Likoni unangoja feri. Lakini alama lazima ipigwe palepale bolti ikishakazwa mbele ya macho yako. Ukija kuipiga nyumbani kesho yake inakwambia tu kama bolti imezunguka tangu kesho hiyo, haikwambii kama ilikuwa imekazwa.

Kwa kunasa makosa hii ndo njia pekee inayogusa yote matatu. Washa unaiona ikibadilishwa ama isibadilishwe, unaona kama bolti imeanzishwa kwa mkono ikaingia laini ama imelazimishwa na spana tangu mwanzo, jambo linaloua meno haraka kuliko lolote, na unaona kama fundi anatumia tok renchi, yaani spana yenye kipimo, ama anavuta kwa bomba refu. Shida yake ni muda, na sehemu zingine hawaruhusu mteja kuingia ndani ya karakana kwa sababu za usalama, unaketi nje na soda. Hapo usigombane, omba basi fundi apige picha ya bolti na washa mpya kabla hajaifunga, simu kila mtu anayo.

Warantii? Hii inaipa nguvu zaidi, manake bolti imefungwa na wao mbele yako na wewe hujagusa. Inamfaa mwenye pikipiki mpya, na mwenye dila mmoja anayerudi kwake kila mara. Anayeacha pikipiki asubuhi na kuichukua jioni haimsaidii.

3. Spana ya kawaida mkononi

Wengi wetu tunafanya hivi, spana ya ringi ama soketi, nyingi utakuta ni 17 ama 19 lakini pima yako usikisie, unaweka unajaribu kidogo upande wa kukaza. Isipocheza unasema alhamdulillahi unaenda.

Inanasa vizuri bolti iliyoachwa kwa vidole. Kwa hilo ni njia ya haraka na ya uhakika kuliko jicho, manake unaijua kabla oili haijatoka. Kuhusu washa haikwambii kitu. Na iliyokazwa kupita kiasi haikwambii pia, bolti iliyo sawa na bolti iliyozidishwa zote zinagoma vilevile mkononi.

Balaa lake ndo hili sasa. Mkono wa mtu hauna mita. Jaribio la leo "kidogo tu", sevisi ijayo "kidogo tu", kila kidogo kinaongeza juu ya kile cha jana, na bolti ya pikipiki ndogo haitaki nguvu nyingi unavyodhani. Nyingi za cc hizi ziko kati ya Nm 20 na 35 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), kitabu cha pikipiki yako ndo cha kufuata. Ukitaka kuipata picha yake, Nm 25 ni kama kilo 10 zimening'inia mwisho wa spana ya sentimita 25. Ndo hivyo tu. Mtu mzima akisukuma kwa mwili anapita hapo bila kujua. Na zile injini zenye kifuniko kikubwa chenye chujio na springi ndani ndo mtihani zaidi, ukubwa wa kichwa unakufanya uvute sana wakati chenyewe mara nyingi hakitaki hivyo.

Jambo lingine ni upande. Ukiinama kutoka juu ya tanki mkono unageuka na kichwa kinachanganyikiwa, mtu anafungua akidhani anakaza. Lala chini uangalie kichwa cha bolti uso kwa uso, kukaza ni mshale wa saa, kufungua ni kinyume.

Warantii hapa iangalie sana. Ukiigusa na spana alafu ikafa, dila ana haki ya kuuliza nani aliigusa mwisho, na alama za spana kwenye kichwa hazifichiki. Inamfaa mtu mwenye mkono mwepesi aliyezoea vyuma, na pikipiki ambayo warantii ishakwisha. Anayependa kukaza "isije ikalegea" aiwache njia hii kabisa.

4. Tok renchi

Hii ni spana yenye kipimo, unaiweka kwa namba ya kitabu, ikifika inalia tak na unaacha. Sio bei ya spana ya kawaida, ila watatu wanne wa stegi moja wakichanga si mzigo, na inatumika pia kwa ekseli na bolti zingine.

Watu wengi wanaielewa vibaya kwa kazi hii kwahivyo nitakaa hapa kidogo. Ukiiweka Nm 25 kwa bolti iliyofungwa tayari na ikalia tak bila bolti kusogea, umejua kitu kimoja tu, haiko chini sana ya hapo. Haikwambii kama iko Nm 25 ama Nm 60. Na ikisogea kabla ya tak, ilikuwa chini, na umeshairekebisha palepale. Kwahivyo kama kipimo cha kukagua kazi ya mtu mwingine inanasa kulegea kwa namba badala ya kuhisi, lakini kwa kuzidisha ni kipofu kama wenzake. Faida yake kubwa inaonekana pale wewe mwenyewe unapofungua bolti, unaweka washa mpya na unafunga upya, hapo unajua kila kitu kuanzia mwanzo.

Balaa lake liko kwa namba. Ukichukua namba ya pikipiki ya rafiki yako ama ukachanganya Nm na kilo, umeua injini kwa kifaa cha bei. Kilo-mita moja ni karibu Nm 10, kwahivyo kitabu kikisema 2.5 kwa kilo ni Nm 25 hivi. Fanya kazi injini ikiwa baridi na meno yakiwa makavu masafi isipokuwa kitabu kiseme vingine, manake meno yenye oili yanateleza na bolti inavutwa zaidi kwa namba ile ile. Alafu usitumie ile renchi kubwa ya magari, mwanzo wa kipimo chake ndo hapo unapopahitaji wewe na hapo haiaminiki. Tafuta ndogo.

Upande wa warantii ni afadhali kuliko spana ya kawaida lakini bado umegusa, kwahivyo piga picha kabla na baada. Inamfaa anayefanya sevisi zingine mwenyewe, na stegi inayotaka kifaa kimoja cha wote.

5. Fundi wa pili, wa mtaani

Unatoka kwa dila unapitia kwa fundi wako wa Mikindani ama Kisauni aiangalie. Jicho la pili lina maana, hasa fundi aliyeona injini za aina yako nyingi, kuna mambo anayajua kwa kuangalia tu, mfano bolti iliyokaa upande kidogo kwa sababu imeingia kombo.

Lakini muombe akague, usimuombe akaze. Ukimwambia "nikazie hii" atakaza, ndo kazi uliyompa, na atakaza kwa mkono wake. Kwa makosa matatu anaeza kunasa kulegea na kuvuja, kuzidishwa mara chache. Gharama ni ya chai ama zaidi kidogo. Warantii ndo kasoro yake kubwa, sasa mikono miwili imegusa bolti na ikitokea jambo kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Inamfaa asiyejua spana kabisa na ana fundi wa kweli aliyemzoea, sio yeyote aliye karibu.

Sasa wewe uko wapi

Pikipiki mpya, warantii inaishi: simama pale fundi akifunga, omba alama ya rangi, alafu endelea na jicho na kadibodi nyumbani. Spana iwache kwa sanduku. Ukiona kosa, rudisha kwa dila na picha.

Unapiga boda kutwa, matuta na mashimo ya ndani ndani Kisauni ama Jomvu: alama ya rangi ndo rafiki yako, iangalie kila asubuhi pamoja na kiwango cha oili. Matuta yanagonga chini ya injini, kwahivyo ukisikia umegonga simama uangalie hata kama sevisi ilikuwa zamani.

Una safari ndefu baada ya sevisi, mfano Malindi, Voi ama Lunga Lunga: usiondoke siku ile ile ukiweza. Lala na kadibodi usiku mmoja, zunguka mjini kwanza, kagua kiwango, ndo uende. Kama lazima uondoke leo, simama mahali salama baada ya kilomita chache tu uiname.

Pikipiki umeinunua mkononi, sevisi za nyuma hujui zilifanywa na nani: hapa tok renchi ina thamani, na mwambie dila kabla hajafungua kwamba unataka kujua hali ya meno. Meno yakiwa yamechoka yanarekebishika, kwa kuchonga upya bolti kubwa kidogo ama kuweka helikoili, ile springi ya chuma inayokuwa meno mapya ndani ya tundu, na ni rahisi zaidi kufanya hivyo ikiwa umepanga kuliko ikiwa umekwama Mazeras. Kuweka gundi ama kufunga uzi kwenye meno ili ishike usikubali.

Hujui spana na dila haruhusu kuingia: jicho, kidole, kadibodi, na fundi mmoja unayemwamini wa kukagua bila kukaza. Inatosha kwa wengi.

Na kama unasoma hii tayari unaona oili linadondoka: zima injini, usijaribu kuifikisha kwa dila ikiendeshwa. Iache dakika chache oili ishuke, pikipiki isimame wima mahali sawa, angalia kijiti ama kioo cha kupimia oili. Kiwango kikiwa chini ya alama ya chini usiiwashe tena, piga simu kwa dila waje ama ibebwe kwa tuktuk ya mizigo, piga picha ya bolti, ya kadibodi na ya risiti ya sevisi zote kwa pamoja. Tairi ya nyuma ioshe kwa sabuni na maji mengi kabla mtu hajaipanda tena, na kama pikipiki ina breki ya diski nyuma, diski nayo ioshe vizuri, pedi zikiwa zimelowa oili badilisha.